Kumrudishia shughuli zake mtu mzima aliyepoteza uoni: choo, jiko, pesa, fimbo na shamba

Mwongozo huu ni wa ndugu, mhudumu wa afya wa kijiji au afisa ustawi wa jamii anayeishi karibu na mtu aliyepoteza uoni ukubwani, na kituo cha utengamao (kinachowafundisha wasioona kujitegemea) kiko mbali. Mtu aliyepofuka akiwa na miaka 45 kazi zote anazijua. Amepika, amelima, amehesabu pesa maisha yake yote. Kilichokatika ni njia moja tu ya kupata habari. Kwa hiyo humfundishi kupika. Unamzoesha kupata kwa sikio, kidole, pua na unyayo kile alichokuwa akikipata kwa jicho.

Kinachoharibu zaidi ni mapenzi ya nyumbani. "Kaa tu mama, tutakuletea." Ndoo anachotewa, chai anamiminiwa, hata nyama anakatiwa. Baada ya miezi sita miguu imelegea, hofu imekomaa, na familia inaamini kweli hawezi. Ukitaka kusaidia, anza kwa kumrudishia kazi moja leo, hata kama ni kuchambua maharage.

Mpangilio tunaoutetea ni huu: choo na kuoga kwanza, kisha chai na chakula, kisha pesa na simu, kisha fimbo nje ya nyumba, halafu kazi ya kipato. Nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, huja baadaye, kwa anayeihitaji. Miradi mingi huanzia kwenye fimbo kwa sababu fimbo hupigwa picha ikikabidhiwa. Matokeo yake ni fimbo zilizosimamishwa nyuma ya milango, na wenyewe bado wanaongozwa chooni.

Kabla ya somo la kwanza

Hakikisha macho yameonwa na daktari wa macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na watu wengi huona tena. Ni dhuluma kumfundisha fimbo mtu ambaye angepona. Presha ya macho hairudishi kilichopotea, lakini matone ya kila siku hulinda kilichobaki, na wengi huyaacha wakisema wameshapofuka, basi. Hospitali zenye huduma kubwa za macho kama CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na Kikuyu nchini Kenya ni mahali pa kuuliza pia kuhusu miwani na lenzi za uoni hafifu.

Kama ana kisukari, uliza kuhusu ganzi ya vidole na nyayo. Jibu hili hubadilisha mpango mzima. Mwenye ganzi vidoleni hataweza kusoma nukta nundu vizuri na hatahisi ukingo wa sufuria ya moto mapema; mwenye ganzi ya nyayo hatembei peku hata ndani ya nyumba, na miguu yake ikaguliwe kila jioni na mtu anayeona.

Kisha pima mabaki ya uoni hapo hapo nyumbani. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kipofu ni mwenye uoni chini ya 3/60 kwenye jicho lake zuri, yaani kitu ambacho jicho zima hukitambua kwa mita 60 yeye hakitambui hata kwa mita 3. Chini ya mstari huo kuna wengi ambao bado wanaona kitu. Muulize, na uandike:

- Anajua dirisha liko upande gani? Anaona kivuli cha mtu akipita?
- Anahesabu vidole kwa mita moja? Kwa nusu mita?
- Anaona vizuri zaidi asubuhi, adhuhuri au jioni?
- Anaona katikati, au pembeni tu?

Mwenye presha ya macho mara nyingi huona kama anayechungulia ndani ya bomba. Anaweza kusoma bango la duka kisha akajikwaa kwenye ndoo iliyo mbele ya miguu yake, na majirani wakasema anajifanya. Hajifanyi. Mwenye doa linaloziba katikati ya uoni yeye kinyume chake: anatembea uani bila shida ila hatambui uso wa mwanawe.

Jambo jingine la kulitaja mapema: baadhi ya waliopoteza uoni huona vitu visivyokuwepo, kama sura za watu, maua, mistari au wanyama wadogo, hali akili zao ni timamu. Madaktari wanaijua hali hiyo na wanaiita dalili za Charles Bonnet; hutokana na ubongo kujaza nafasi ya picha ambazo jicho halileti tena. Wengi hunyamaza wakihofia kuitwa wendawazimu au kupelekwa kwa mganga. Waulize waziwazi. Ikiwa anasikia pia sauti, au anaamini vile vitu vinamtuma, hilo ni jambo jingine na aonwe na daktari.

Somo moja lisizidi dakika 30 hadi 45. Kusikiliza na kukumbuka kila hatua kunachosha kuliko kulima, na mtu aliyechoka huanza kugonga vitu na kukata tamaa.

Namna ya kusema na kushika

Ukiingia, sema: "Shikamoo baba, ni mimi mwanao, nimesimama mlangoni." Ukitoka, aga. Kumwacha mtu anazungumza na chumba kitupu ni udhalili asiousahau. Maneno "pale" na "huku" yafute kinywani. Sema "kulia kwako, usawa wa kiuno, hatua mbili". Usimwonyeshe kwa kumkamata mkono na kuuvuta. Weka mkono wako kwenye kitu, yeye aweke wake juu ya wako, kisha wewe uuondoe taratibu ubaki wake.

Kila ujuzi upitie ngazi nne. Kwanza mfanye pamoja, mkono juu ya mkono. Pili unasema tu, hushiki. Tatu unasimama mita 3 kando, kimya, hata akikosea, ilimradi hakuna hatari. Nne unaondoka. Wanaosaidia wengi hufika ngazi ya pili wakakwama hapo miaka, maana kunyamaza ni kugumu.

Akiongozwa njiani, yeye ndiye anayekushika, juu kidogo ya kiwiko, akiwa nusu hatua nyuma yako. Kwa namna hiyo mwili wako unamweleza kila kona na kila kushuka kabla hajafika. Penye uchochoro mwembamba rudisha mkono wako nyuma ya mgongo, naye aingie nyuma yako. Penye ngazi simama, sema "ngazi, tunapanda", kisha tangulia kidato kimoja. Kwenye kiti usimsukume akae; weka mkono wake kwenye egemeo, atamaliza mwenyewe. Kumsukuma kwa mgongo kama mkokoteni ndiko kunakowafanya wengi waogope kutoka.

Nyumba na njia ya choo

Sheria za nyumba ni tatu na ni za wote, pamoja na watoto. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Mlango nusu wazi hupasua paji la uso. Viti virudi chini ya meza. Ndoo, jembe na baiskeli viwe na mahali pake, na anayehamisha kitu atangaze. Kamba ya kuanikia nguo ihamishwe kutoka kwenye njia au ipandishwe juu ya kichwa cha mtu mrefu kuliko wote nyumbani.

Kama choo kiko nje, funga kamba ya katani au ya nailoni kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa choo:

1. Simika nguzo kila baada ya mita 3 au 4, ili kamba isilegee katikati.
2. Ifunge usawa wa kiuno cha mtumiaji, kwa wengi ni takriban sentimita 90 kutoka ardhini.
3. Piga fundo kubwa mita moja kabla ya mlango wa choo, na fundo mbili mita moja kabla ya mlango wa nyumba. Asiwe na haja ya kunyoosha mkono kutafuta mlango.
4. Ziba mashimo na ondoa mawe upana wa mita moja kando ya kamba.
5. Kagua mafundo kila baada ya mvua kubwa. Nguzo hulegea na kamba hushuka.

Kwenye choo cha shimo, tatizo ni kujua tundu liko wapi. Weka ubao au tofali mbili za kukanyagia zilizojengewa, na alama ya ukutani ya kushika, msumari uliopindwa au kipande cha mti, usawa wa tundu. Akigusa alama kwa mkono wa kulia anajua amesimama sawa. Maji ya kuoga: baridi kwanza kwenye beseni, moto uongezwe juu yake. Kinyume cha hapo ndipo watu huungua.

Ndani ya nyumba hahitaji fimbo. Akitembea pembeni mwa ukuta, mkono utangulie mwili kidogo, vidole vimekunjwa nusu, na ukuta uguswe kwa mgongo wa vidole, si ncha zake. Ncha huingia misumari na vibanzi. Mkono wa pili huupandisha mbele ya uso, kiganja kikitazama nje, umbali wa shibri moja hivi. Akidondosha kitu, asikurupuke kuinama: asikilize kilipoangukia, ageukie huko, achuchumae mgongo ukiwa wima, kisha apapase kwa duara dogo linalopanuka. Anayeinama kichwa mbele hukutana na kona ya meza.

Kwa mwenye uoni hafifu, rangi hufanya kazi kubwa kuliko maneno. Wali mweupe kwenye sahani nyeusi au ya bluu iliyokolea, chai ya rangi kwenye kikombe cheupe, na mstari wa rangi ya njano wa sentimita 5 kwenye ukingo wa kila kidato. Mwanga utoke nyuma ya bega lake, usimpige machoni. Juani, kofia yenye ukingo mpana husaidia.

Jikoni

Hapa ndipo familia hukataa, na hapa ndipo heshima hurudi haraka zaidi. Anza na jiko likiwa limezimwa. Apapase kila kitu akiwa hana haraka: sufuria, mwiko, beseni la maji, kopo la chumvi. Chumvi na sukari visikae kwenye makopo yanayofanana. Kama lazima, funga raba moja kwenye sukari na mbili kwenye chumvi. Mafuta ya kula na mafuta ya taa hayakai rafu moja, wala chupa ya sura moja. Hili halina mjadala.

Kanga au mtandio ufungwe na kukazwa, mikono mirefu ikunjwe. Kitambaa kinachoning'inia juu ya moto ni hatari kuliko moto wenyewe.

Jiko la gesi la mtungi wa kilo 6 lina faida moja kubwa: halina kaa linaloruka. Utaratibu wake:

1. Fungua madirisha. Asikilize na anuse. Harufu ya gesi ikiwepo, hakuna kuwasha.
2. Mtungi ukisimikwa upya, apake povu la sabuni kwenye kiungio na aliguse kwa kidole kwa wepesi. Penye uvujaji povu huvimba na kuchemka chini ya kidole. Kwa mara za kwanza mtu anayeona athibitishe.
3. Sufuria iwekwe juu ya jiko kabla ya kuwasha. Kwa mwiko wa mti azunguke ukingo kuhakikisha imekaa katikati.
4. Aiondoe sufuria, ashike kiberiti cha gesi chenye shingo ndefu, kiwake kwanza kikiwa kando ya jiko, kisha afungue gesi kidogo. Akifungua gesi kabla, hujikusanya na kulipuka usoni.
5. Sufuria irudi, tayari mkono unajua mahali pake. Akiondoa tena, apime kwa mwiko, si kwa vidole.

Jiko la mkaa linawezekana, ila liwe mahali palepale kila siku, kwenye kona isiyopitwa na watoto, na nje au penye hewa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa hewa isiyo na harufu, hivyo pua yake haitamwokoa. Mafiga matatu ni magumu kuliko yote kwa sababu kuni husogea na sufuria huinama, tusingeanza nayo.

Chai: siri ni kupima kabla ya kuchemsha. Vikombe viwili vya maji vikiingia sufuriani, vikombe viwili vitatoka, kasoro kidogo. Maji baridi humiminwa kwa kidole kimoja ukingoni mwa kikombe. Maji ya moto humiminwa kwa sikio: mlio huanza mzito chini na kupanda kadiri kikombe kinavyojaa, na uzito wa kikombe mkononi nao huongezeka. Vyote vifanyike juu ya sinia ili kinachomwagika kisifike mapajani. Yapo makopo madogo yenye kengele inayolia maji yakifika, lakini aliyezoea sikio huyasahau.

Ugali wa watu watatu: lita moja ya maji, unga takriban nusu kilo, ukiwa umepimwa na kuwekwa bakulini kabla ya moto kuwashwa. Maji yakichemka hasa, mlio hubadilika kutoka kuvuma hadi kugugumia, na mfuniko hutikisika. Unga wa kwanza uingie kwa ngumi ndogo, uji uchemke dakika chache, kisha uliobaki. Kosa la kawaida ni kuongeza unga kwa hofu kabla uji haujaiva. Ugali unabaki na mabonge na harufu mbichi. Umeiva ukiachana na sufuria, mwiko ukigeuza bonge zima kwa mkupuo mmoja, na harufu ya unga mbichi imekwisha. Sufuria ishikwe kwa kishikio cha chuma cha sufuria au kwa kukanyagiwa mti, kwani inazunguka.

Kitunguu: kata katikati, upande bapa uwe chini, vidole vikunjwe ndani na kisu kitelezee kwenye pingili. Weka kitambaa kilicholowa chini ya ubao usiteleze. Kisu kikimaliza kazi kilazwe juu ya ubao, makali yakitazama mbali, na kamwe kisizamishwe kwenye beseni la vyombo. Kukaanga, mafuta yaingie sufuria ikiwa baridi. Kitunguu kibichi hulia kwa kelele ya maji, kikianza kuiva kelele hupungua na harufu huwa tamu. Kikinyamaza kabisa kinaungua.

Mezani, ichukulie sahani kama uso wa saa, namba 12 ikiwa mbali naye na 6 karibu na kifua chake: "Ugali uko saa 6, mchicha saa 9, samaki saa 12, miiba iko upande wa saa 1." Kula kwa mkono ni rahisi kuliko kijiko, asilazimishwe kijiko kwa ajili ya wageni.

Pesa na simu

Noti zetu zinatofautiana ukubwa kwa milimita chache tu, na noti iliyochakaa hulegea mpaka kidole kidanganyike. Njia inayodumu ni kukunja. Kwa Tanzania, mfano: 1,000 haikunjwi, 2,000 inakunjwa mara moja kwa upana, 5,000 mara moja kwa urefu, 10,000 kwa upana kisha kwa urefu. Mpango wowote unafaa ilimradi haubadiliki. Sharti ni moja: anakunja palepale anapopokea, kabla ya kuondoka dukani, akiuliza "hii ni shilingi ngapi?" kwa kila noti. Wanaoahirisha mpaka nyumbani ndio wanaoibiwa. Sarafu hutambuliwa kwa ukubwa na kwa ukucha ukingoni. Mpe mchanganyiko wa sarafu 20 azipange mpaka asikosee.

Simu ya vitufe ina kinundu kwenye namba 5. Hapo ndipo kidole kinapotulia, namba nyingine zinahesabiwa kutoka hapo. Inafaa kupiga na kupokea, lakini haisomi ujumbe wala menyu ya pesa. Simu janja ya Android ina msomaji wa skrini, TalkBack, bila malipo: Mipangilio, Ufikivu, TalkBack. Kabla ya kuiwasha, kwenye mipangilio ya sauti chagua Kiswahili na upunguze kasi. Washa pia njia ya mkato ya kubana vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache; bila hiyo, familia nzima hukwama na simu inayoongea wasijue kuizima.

Siku ya kwanza fundisha ishara tatu tu: buruta kidole kimoja usikie kilicho chini yake, telezesha kulia kwenda kitu kinachofuata, gonga mara mbili kufungua. Wengi hugonga polepole mno na simu haielewi. Ya nne, kuvuta ukurasa kwa vidole viwili, isubiri wiki ijayo.

Menyu za pesa za simu hujifunga zenyewe zikikaa muda bila kujibiwa, na msomaji huweza kuwa hajamaliza kusoma. Kwa hiyo ajifunze kwanza mpangilio wa menyu kwa kichwa, na aongeze kasi ya sauti kadiri sikio linavyozoea. Namba ya siri iingizwe kwa spika za masikioni, sikio moja tu, la pili libaki linasikiliza watu. Wakala asipewe namba ya siri hata akiwa shemeji. Programu za kutambua noti kwa kamera zipo, ila nyingi hazijui shilingi. Zijaribuni kwa noti mnazozijua kabla ya kuziamini sokoni.

Fimbo nyeupe

Namna ya kutembea kwa fimbo ndefu inayofundishwa leo ilipangwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, ambako Richard Hoover aliwafundisha askari waliopofuka vitani. Kabla ya hapo fimbo ilikuwa mkongojo. Tofauti hiyo ni muhimu: fimbo ya asiyeona haibebi uzito, inapeleleza.

Urefu: ikisimama wima ifike kwenye mfupa wa kifua, pale mbavu zinapokutana. Mwenye hatua ndefu aongeze hadi usawa wa kwapa. Fimbo fupi humwonya akiwa ameshafika kwenye shimo. Kwa barabara zetu za vumbi na mashimo, ncha ya duara inayoviringika ni bora kuliko ncha nyembamba, ambayo hunasa kwenye kila ufa.

1. Shika kama unayesalimiana kwa mkono, kidole cha shahada kikilala juu ya mpini.
2. Mkono ukae mbele ya kitovu, katikati ya mwili. Ukikaa pembeni, upande wa pili unabaki bila ulinzi na mtu anapinda njia bila kujua.
3. Kiwiko kitulie, kinachosogea ni kifundo cha mkono.
4. Ncha ipite kutoka bega hadi bega, ikizidi kila upande kwa sentimita 5 hivi. Isiinuliwe zaidi ya sentimita 2 au 3.
5. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iguse kushoto. Mguu wa kushoto, iguse kulia. Hivyo mguu unakanyaga mahali palipokwisha kukaguliwa.

Hatua ya tano ndiyo huharibika. Mtu akiharakisha, fimbo na mguu huenda upande mmoja, na nusu ya njia haikaguliwi. Mrudishe kwenye kutembea polepole uani, ukihesabu kwa sauti, mpaka mwili uzoee. Mwenye mabaki ya uoni afundishwe pia akiwa amefungwa kitambaa, kwa vipindi vifupi, ili usiku na jua kali visimkute hajui.

Fimbo ikinasa, mpini humchoma tumboni. Dawa yake ni kushika kwa ulegevu na kuuweka mpini mbele ya mwili, si kuugandamiza tumboni. Kupanda ngazi, ashike fimbo wima, ncha igonge kidato kinachofuata. Ikikosa cha kugonga, juu pamefika. Kushuka, atafute ukingo kwanza, fimbo ielekezwe kidato kimoja mbele; ikigusa sakafu bapa, chini pamefika.

Fimbo haikingi kichwa. Matawi, vioo vya malori yaliyoegeshwa na mabati ya vibanda yapo juu yake. Mahali pa mashaka mkono wa pili upande mbele ya uso. Usafi wa fimbo: viungo vifutwe mchanga kila jioni, maana mchanga hufanya vikwame visikunjike, ncha ibadilishwe kabla chuma hakijaanza kugusa ardhi, mpira wa ndani ukilegea fimbo hutengana katikati ya barabara, kwa hiyo uvute kuujaribu kila wiki.

Barabarani

Njia ya kwanza iwe moja, fupi, yenye sababu: dukani, msikitini au kanisani. Mgawanye njia hiyo kwa alama zisizohama: mtaro, mteremko, kelele ya mashine ya kusaga, kona yenye upepo. Harufu ya mandazi si alama; muuzaji akiugua, mtembeaji amepotea.

Kuvuka: achague mahali palipo mbali na kona na magari yaliyoegeshwa. Asimame mgongo ukilingana na ukingo. Gari za upande wake wa karibu zinatoka kulia. Asubiri kimya kamili, si pengo kati ya gari mbili, na akianza asigeuze njia katikati. Pikipiki za bodaboda huja kutoka pande zote mbili na hata pembezoni kwa waenda kwa miguu, kwa hiyo hata barabara ya njia moja isikilizwe kote. Penye jenereta, spika za duka au mvua inayopiga mabati, sikio haliamui. Hapo aombe msaada au asubiri. Barabara kubwa na njia za mwendokasi avuke na mtu, hata akiwa na ujuzi wa miaka.

Kwenye daladala au matatu, nauli iwe mkononi tayari, amwambie konda kituo chake anapopanda na amkumbushe kabla ya kufika. Fimbo isimame kati ya magoti. Kwenye bajaji, mkono mmoja kwenye ukingo wa paa, mwingine kwenye kiti, kichwa kiinamishwe ndipo aingie.

Shamba

Kupanda mahindi: chukua kamba ndefu kuliko mstari, piga fundo kila sentimita 60, na funga kijiti kila mwisho. Kijiti cha tatu kikatwe urefu wa sentimita 75. Kamba ivutwe ikaze. Kwenye kila fundo achimbe shimo kwa jembe dogo, atie mbegu mbili, afukie kwa mguu, ahamie fundo linalofuata kwa kufuata kamba kwa mkono wa kushoto. Mstari ukiisha, kijiti cha sentimita 75 hupima pa kuhamishia kila mwisho wa kamba.

Shida huja kwenye palizi, kwa sababu mche mchanga wa mahindi na nyasi hufanana vidoleni. Kwa hiyo kamba ikihamishwa, kila mstari uachiwe kijiti kila mwisho, na vijiti hivyo vising'olewe mpaka palizi ya kwanza, wiki ya pili au ya tatu. Kamba inarudishwa juu ya mstari uleule. Kilicho kwenye fundo ni mahindi, kilicho kati ya mafundo kinang'olewa kwa mkono, na jembe linatumika tu katikati ya mistari, likivutwa kuelekea mwilini, miguu ikiwa imetanuliwa nyuma ya makali.